Mafuta ndani ya sombe mbichi

Jumanne, usiku

Tena mafuta yote ya mawese! Ndani ya sombe mbichi! Mpaka sasa bado nina hasira kidogo na mume wangu.

Nilikuwa natwanga majani ya muhogo ya sombe uani, tairi ya pikipiki ikapasuka barabarani. Mlio kama wa bunduki. Mikono ikaganda juu ya mchi, pumzi ikakatika, nikajiona tena njiani, siku ile tulipokimbia risasi kule kwetu Runingu.

Baba Neema akachuchumaa karibu, akajaribu kama yule mama wa kituo cha afya alivyotufundisha kufanya nikishikwa na hofu: "Mama Neema, niambie unaona nini. Gusa udongo." Nilimsikia, lakini mdomo haukufunguka.

Basi akachukua sombe yangu, akaitia kwenye sufuria, akamwagia mafuta. "Leo miye napika. Mafuta kwanza, kisha chumvi, kisha... sukari?"

"Weye! Iko unafanya nini? Sombe inachemshwa kwanza!"

Nilipiga kelele kabla sijajua kwamba nimepumua. Yeye akacheka. Na wakati nilikuwa siwezi kushika hata kijiko, nani alipika sombe ya nyumba hii? Ni yeye. Anajua vizuri kabisa.

Sijui kama nitapona. Naogopa hata pikipiki...

Sasa radi imepiga upande wa ziwa. Anajifanya amelala, lakini shuka linatetemeka. Njia ile tulikimbia wote wawili. Nimemwuliza polepole: "Baba Neema, bugali, tunatia unga kwanza ao maji?"

Amenigeukia. Kisha: "Weye mwanamke, nani alikufundisha kupika?"