Boti Moja, Madeli Mawili

Ijumaa, 15 Septemba

Msimu wa kamba umefunguliwa leo mchana. Mikondo imejaa boti tangu darajani hadi kwenye mchanga. Kila mwenye leseni amesimika fito zake, ametupa chambo, anarusha kimia. Deli moja la kamba kwa boti kwa siku, basi.

Mjomba Thaddeus kapita nje na meli yake ya kukokota nyavu. Akanipigia redio kwenye boti yetu ya doria ya idara ya uvuvi. "Mpwa, mimi nikichungulia tu humo ndani mnanikamata. Hawa wa kujifurahisha mnawafungulia mlango." Nikamwambia asome sheria. Akasema ameisoma, ndiyo maana ananung'unika.

Jumamosi, 16 Septemba

Bwana mmoja kutoka Columbia, mji mkuu wa jimbo. Deli la pili kalificha chini ya majaketi ya kuokolea. Nikamwandikia faini. Akasoma kifuani jina langu, la kisiwani, akasema ningekuwa nimemkuta mtu wa kisiwani ningegeuza uso. "Mnalindana tu ninyi." Kessler, mwenzangu mpya, alicheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 21 Septemba

Mama.

Saa nane mchana, nyuma ya kisiwa kidogo, maji yanapwa. Niliijua boti kabla sijaisogelea — ya marehemu baba. Mama kwenye usukani na kofia yake ya kanisani, Bi Eulalie Prioleau, mjane mwenzake, mbele, kimia magotini.

"Umekula?" Mama akaniuliza.

Nikasema nimekula. Kessler alikuwa ameshayaona madeli. Mawili, wazi kabisa, hayakufichwa. Yamejaa mpaka vifuniko havifungi.

"Hilo moja la kanisa," Mama akasema. Jumapili ni sikukuu ya kanisa, watu wetu wanarudi kutoka New York na Philadelphia, na wanarudi kwa ajili ya kamba wa Mama, wala si kwa mahubiri. Kisha akasema: "Eulalie ana leseni yake, mimi nina yangu. Watu wawili, madeli mawili. Hesabu gani hiyo inakushinda?"

"Sheria inahesabu boti, Mama. Haihesabu watu."

"Boti ya Eulalie imeoza. Unajua. Wewe ndiye uliyemsaidia kuipindua uani."

Kweli. Kessler akaninong'oneza kwamba anaweza kwenda kutazama ndege kwa darubini kidogo. Kijana mwema. Lakini akilini nilimwona yule bwana wa Columbia, na lile neno lake: mnalindana.

Nikaandika. Upesi, kama ninavyomwandikia mtu yeyote, na hilo ndilo linalonisumbua sasa. Mama alingoja mpaka nikafika kwenye jina la ukoo.

"Liandike vizuri. La baba yako hilo."

Deli la pili tukalichukua. Bi Eulalie hakunitazama.

Ijumaa, 22 Septemba

Renetta, mke wangu, anasema ningeweza kupita mkondo mwingine. Nimemwambia sikujua wako wapi. Anasema mwanamume aliyezaliwa hapa anajua mama yake anavua wapi. Nimelala kwenye kochi, kwa hiari yangu, au karibu na hiari.

Jumapili, 24 Septemba

Mchungaji kasimama baada ya kwaya, kakohoa. "Wapendwa, mwaka huu ni kuku." Mabenchi yote yakageuka kunitazama. Hata watoto. Nilikula paja moja nimesimama karibu na mlango. Mama alipita na sinia la wali mwekundu, akampakulia kila mtu. Mimi pia alinipakulia. "Karibu, Afisa Bligen."

Afisa!

Jumanne, 3 Oktoba

Wiki ya kwanza Mjomba Thaddeus alicheka hadi akashika mbavu — hatimaye sheria imewagusa wenye kimia. Leo kaja bila kicheko. Alitaka kumlipia dada yake faini, yaishe. Mama kakataa. Anayelipa, anasema, ni aliyekubali kwamba ameiba. Anataka kusimama mbele ya hakimu.

"Mwambie wewe," Mjomba akaniambia.

Nikamjibu: haongei nami, Mjomba. Ananipakulia tu.

Jumatano, 11 Oktoba

Mama kapiga simu. Mara ya kwanza.

"Afisa Bligen, Jumatatu unapita njia gani kwenda mahakamani? Gari langu liko gereji."

Nikamwambia mimi ndiye shahidi wa serikali, Mama. Dhidi yako.

"Ndiyo maana najua hutachelewa."

Jumatatu, 16 Oktoba

Naandika kwenye benchi la nje ya chumba cha mahakama. Hakimu kaenda kula.

Asubuhi nilimchukua. Gauni la bluu, mkoba mkubwa. Njiani tuliongea habari za bamia zake na goti la Bi Eulalie. Karibu na daraja akaniuliza kama Renetta bado amekasirika. Nikasema amepunguza. Akasema ni mke mzuri.

Ndani nilieleza nilichokiona: boti moja, madeli mawili, nani alikuwa kwenye usukani. Mama hakuwa na wakili. Hakimu akamwambia ana haki ya kunihoji. Akasimama.

"Afisa, nilikuficha kitu?"

"Hapana."

"Bwana mwenye boti mbili, mkewe akiendesha ya pili, wanarudi na madeli mangapi?"

"Mawili."

"Na wajane wawili wenye boti moja?"

"Moja."

Watu wakaguna. Hakimu akawanyamazisha.

"Umezunguka mikondo hii tangu utoke jeshini. Ungepewa wewe kuiandika sheria hii, ungeandika boti au ungeandika mtu?"

Hakimu akasema hilo ni la bunge la jimbo, si la shahidi, kwa hiyo silazimiki kujibu. Nifikirie wakati wa mapumziko. Bosi wangu alikuwa ameketi nyuma. Alitikisa kichwa taratibu — usijibu.

Mama ameketi benchi la mkabala. Katoa karanga za kuchemsha, anamenya. Mara moja kanisogezea mfuko bila kuinua macho. Nimechukua chache.

"Kola yako imekunjika," amesema.

Nimeinyoosha. Karani kafungua mlango, anatuita. Bosi amenifuata, anaongea chini chini kuhusu kazi yangu. Nimemwambia karani amjulishe hakimu kwamba nitajibu.