Seva Imepona, Sijui Kwa Nini

Jumanne, Tuwan

Hata sasa sielewi. Seva ya ghala letu la mahindi ilijikokota tangu asubuhi, wakulima wamejaa mlangoni. Nikaingia kwenye ile menyu ya bluu inayotokea kabla mashine haijawaka vizuri. Nikabadilisha mipangilio ya umeme, ya feni, ya memori. Mingine hata sikujua ni ya nini.

Ikazimika kabisa.

Mama Nekesa, keshia wetu, akaiwekea mkono na kuiombea kwa Kibukusu. Nikabonyeza swichi. Ikawaka, na sasa inakimbia ajabu.

Jioni bosi amepiga simu: "Si kesho uende Bungoma, ile ya huko uifanyie vile umefanyia hii."

Vile gani, bana?

Nimemtumia Mama Nekesa ujumbe: "Kesho uko na nafasi twende Bungoma?"