Vidonge Alivyobaki Navyo Mama

Baba yangu,

Pokea salamu zangu hivyo hivyo, na usinicheke kwa mwandiko.

Cherehani yako tumeifunika shuka. Wateja bado wanakuja kuulizia suruali zao. Nawaambia hayupo, kisha nasimama mlangoni mpaka waondoke, maana lile neno jingine linagoma kunitoka. Mama yumo edani. Anakaa chumba kile kile ulichofia, hatoki ila kwenda uani.

Ile kazi yangu bado ninaifanya. Ulikuwa ukiwaambia watu, "Binti yangu kasoma, kasoma, mpaka kafika kwenye mikojo ya watu!" Nilikuwa nakasirika. Leo ningetoa chochote unitanie tena.

Tunapita Palma mpaka Olumbi na sanduku la barafu, tukikusanya mkojo na damu vya kupelekwa maabara kwa ndege. Vipimo vya ospitali vilikuja kukuonyesha ugonjwa figo zikiwa zimeshachoka, miguu imevimba, chakula hukitaki. Sisi tunatafuta dalili za mapema. Kila unachoupa mwili, chakula au dawa, unakivunjavunja, na mabaki yake madogo, wataalamu wanayaita metaboliti, hutoka na mkojo. Mashine inayasoma yote kwa pamoja, na figo zikianza kuharibika mpangilio wake hubadilika. Bado ni utafiti, Baba. Wewe haukukuwahi, na hilo linaniuma hata nikiwa natembea njiani.

Nilipomwomba Mama naye achangie, alinitazama weee, akasema, "Mkojo wangu upande ndege, mimi mwenyewe nisitoke hata barazani?" Nilicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Akatoa. Nikamwuliza ninavyowauliza wote: kuna dawa yoyote unayokunywa? Akasema hapana.

Majibu yalipokuja, dotora, yule daktari ninayefanya naye kazi, aliniita pembeni. Alisema mwenye mkojo huu anameza vidonge vya maumivu, tena kwa wingi, mabaki yake yamejaa. Tukampima Mama damu kwa kipimo cha kawaida. Figo zake zimeanza kulegea.

Nilijua ni vidonge gani. Ni vile vya magoti yako, ulivyoanza kumeza tulipokuwa wakimbizi wa vita mjini Pemba, huku huku kwetu Msumbiji, kila ukiamka, ili uweze kukanyaga cherehani. Dotora anaamini vilichangia kukumaliza. Nguo zako tulizitoa sadaka, kama ilivyo desturi, na vidonge hakuna aliyevikumbuka. Mama alikuwa amevitia kwenye kikopo chako cha vifungo.

"Nguo zake mmegawa, kiti chake wanakalia watu," aliniambia. "Hivi ndivyo nilivyobaki navyo. Nikimeza, nalala kama vile yupo."

Ningemgombeza vipi, Baba? Nilikaa chini tukalia wote wawili. Halafu akanipa kikopo mwenyewe, bila kuniangalia usoni.

Vidonge nimevipeleka ospitali viteketezwe. Kikopo nimemrudishia na vifungo vyake. Dotora anasema akiacha sasa huenda figo zikapata nafuu, na huenda zisipate, hawezi kuniahidi kitu. Ninaogopa. Mashine ya kusafishia damu huku kwetu haipo, wewe mwenyewe unajua, ulikufa tukiwa bado tunahangaikia safari ya kuifuata. Asubuhi namtazama Mama miguu kabla sijamwamkia. Amegundua, siku hizi anaifunika na kanga.

Basi nakuaga, Baba. Nakuahidi eda ikiisha nitampeleka mimi mwenyewe kupimwa tena, na tena kila watakapomwita, barabara iwe nzuri iwe mbaya. Sitamwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Ila nawe nifanyie jambo moja. Mama anasema akisinzia tu unamjia, unasimama pale mlangoni na kumwita kwa jina lake la usichana, na yeye anainuka akufuate. Ananisimulia huku akitabasamu. Nakuomba, Baba, kwa mapenzi uliyokuwa nayo kwangu, usimwite. Nimebaki na mzazi mmoja tu.

Mwanao,
Amina