Maman Veneranda Alipokataa Kukatwa Mguu

Mjukuu wangu Solange,

Nakusalimu kutoka Nkanka. Huku tuko salama. Mama yako amevuna maharagwe, nami magoti bado yananifikisha kanisani.

Umeniuliza: mgonjwa akikataa matibabu yatakayomwokoa, uamuzi ni wa nani? Nilipokuwa muuguzi kijana katika zahanati ya hapa, baada ya vita, watu wakirudi kutoka Kongo walikokimbilia, aliletwa mjane mmoja, Maman Veneranda, kidonda kimeshaozesha mguu. Ilibidi akakatwe hospitalini. Alikataa. Nilimsihi siku mbili, nikimwona mkaidi. Siku ya tatu ndipo nikamuuliza, "Maman, unaogopa kisu?"

"Hapana. Mutoto wangu alibakiaka Kongo. Akirudia akute nyumba imefungwa, si atasema nilikufaka?"

Nilichukua makaa, nikaenda kuandika mlangoni kwake jina la hospitali, ili mwanawe ajue pa kumtafuta. Akakubali siku ile ile. Aliishi miaka mingi na mguu mmoja, akiuza samaki sokoni. Mwanawe hakurudi.

Lakini je, kama angeendelea kukataa? Ningemwacha afe, au ningempakia garini kwa nguvu? Nimezeeka nikijiuliza. Wewe unayesomea udaktari, ungefanyaje?

Bibi yako akupendaye,
Consolata