Bakteria Wasiotaka Asumini

Alhamisi, Likoni. Manyunyu tangu alfajiri, nguo hazikauki, na mimi nina furaha niliyoshindwa kumweleza mtu nyumbani. Nani atashangilia nikimwambia bakteria wameota?

Wameota. Alhamdulillahi.

Kuna bakteria wasio na makuu, ukiwapa chochote wanakua. Hawa wetu wa maabara wanadeka. Sharti uwapashie damu ya kondoo mpaka igeuke rangi ya chokoleti, uichanganye na jeli ya kuoteshea, uimimine kwenye visahani. Kisha uwafungie ndani ya mkebe pamoja na mshumaa unaowaka. Ukizimika wenyewe, hewa inayobaki ndiyo waipendayo. Mume wangu asema yeye sijawahi kumpikia kwa adabu hiyo, na ni kweli.

Wiki hii tuna mtoto mchanga wodini, katoka Mtongwe, homa haishuki. Damu yake ilichukuliwa kabla ya sindano ya kwanza, tukaiweka kwenye chupa ya mchuzi wa kuoteshea. Mchuzi ukafanya ukungu, kumaanisha kitu kimo. Lakini kwenye visahani hapakuota hata kitone. Daktari ananiuliza ambadilishie dawa gani, nami sina jibu.

Jana nikaufungua mkebe, nikanusa. Asumini!

Mwanajuma, mwenzangu wa maabara, ndiye aliyeuleta mshumaa ule, umebaki kwenye harusi ya binamuye.

"Dada, hii harufu ya damu siiwezi, wallahi," akasema. "Nikaona bora panukie kidogo."

Nami Jumatatu, tulipouwasha, nilidhani ni manukato yake, nikamsifu! Sisi watu wa pwani hatukai mahali pasiponukia, hata bakteria twawafukiza. Kumbe manukato yale huwaua hawa wenye kudeka. Nilikasirika, nikacheka, halafu hofu ikanishika, maana mtoto alikuwa bado anaungua na sisi tumempotezea wakati.

Mwanajuma alikimbia mwenyewe dukani, akarudi na mshumaa mweupe wa kawaida. Tukaotesha upya kutoka kwenye ile chupa.

Leo asubuhi, vitone vya kijivu vimejaa kisahani. Nilitamani kupiga vigelegele.

Mamake mtoto alikuja mlangoni kuuliza. Nikamwonyesha kupitia kioo. Alivitazama sana.

"Haya madogo hivi ndiyo yamtesayo mwanangu?"

"Ndiyo haya, mama."

"Nanyi mwayalisha?"

Nikamwambia ukweli: bila kuwalisha hatuwaoni, na bila kuwaona hatujui silaha ya kuwaua. Nimeshawapaka kwenye kisahani kipya, nikawawekea vidonge vidogo vya dawa mbalimbali juu yao. Asubuhi tutaona ipi imewamaliza, na daktari ataanza hiyo hiyo.

Jana nilimwomba Mungu waishi. Leo namwomba wafe.