Mbegu ya Wageni Isinyeshewe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo nyumbani. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Loyi ameniambia umeacha dawa ya kuchua uliyopewa hospitali eti inanuka. Wewe unayeshinda kwenye moshi wa jiko, leo ndiyo umekuwa na pua! Tafadhali endelea nayo. Mimi ni mzima, ila usingizi umenipungua, na baridi ya huku haina adabu hata kidogo.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako unaiweka spika, na nikisema neno, kabla ya jioni limeshafika kanisani. Hili sitaki lifike popote. Nimemwomba Loyi aichape barua pale Chang'ombe mjini akirudi kwake Nkuhungu, kisha akuletee mkononi. Isome peke yako.

Unakumbuka nilivyohangaika kutafuta ufadhili wa shahada hii ya uzamivu. Kila nilipoomba waliniambia mtama si zao la kutafutia fedha. Mwishowe ikajitokeza kampuni ya mbegu ya huku, ikasema itanisomesha mpaka nimalize, nawe ukachinja mbuzi. Sikulaumu, hata mimi nilicheza mpaka kiatu kikakatika.

Kazi yangu ni kuupima mtama wao mpya. Ni mzuri wa macho, masuke yamejaa. Niliuotesha kwenye nyumba ya vioo pamoja na ule wako niliokuja nao, wote kwenye udongo wenye kiduha, lile gugu la maua mekundu ulilonifundisha kung'oa kabla halijanyonya mizizi. Wako ulisimama. Wao ulinyauka wote, na kiduha kikachanua na kumwaga mbegu kuliko nilivyowahi kuona shambani kwetu.

Nikampelekea Profesa anayenisimamia matokeo. Ni mtu mpole, kila Ijumaa huniletea keki. Aliyatazama, akaenda kufunga mlango.

"Perisi, haya tuyaweke kwanza," alisema. "Ufadhili wako wa mwaka wa mwisho bado haujasainiwa."

"Tuyaweke mpaka lini?"

"Mpaka usainiwe."

Siku chache baadaye kadi yangu ikakataa kufungua nyumba ya vioo. Wakasema ni hitilafu ya mitambo. Nimechungulia kwa nje. Mtama wako haupo tena pale mezani, na kila ninayemuuliza umepelekwa wapi anatabasamu tu. Nimeanza kuogopa, Mama, na unajua mimi si mwoga.

Jana ndipo niliposikia kwamba watu wao wanakwenda Dodoma kuupanda mtama huo kwenye mashamba ya wakulima. Kijiji walichochagua ni chetu, kwa kuwa walikikuta kwenye maombi yangu ya ufadhili. Watakuja na kofia, na fulana, na salamu kutoka kwangu ambazo mimi sikuzituma.

Najua tulivyo. Mgeni akija na mbegu hatuikatai. Tunampa jembe afukie shimo la kwanza kwa mkono wake, na ikishafukiwa haiguswi mpaka iote, maana ukiifukua watu watasema umemtakia njaa aliyeileta. Na huu ndio wakati mnapopanda kwenye vumbi mkisubiri mvua ya kwanza. Kwa hiyo nakuomba, wapikie ugali na mlenda, washibe, lakini mbegu yao ipokee uiweke ndani. Sema goti linakusumbua. Mtama wao ukiota karibu na wako, utachanganyika nao wakati wa kuchanua, na ule ugumu wa mtama wako, uliourithi kwa bibi, utatuponyoka. Nacho kiduha kitakachomwagika hapo kitakaa ardhini miaka na miaka. Wakininyima ufadhili kwa ajili ya hili, basi, nitarudi tulime wote.

Msalimie mjomba Chilewa, mwambie koti alilonipa ndilo linaloniweka hai huku. Shangazi Tabitha wa kwaya naye umsalimie, ila usimwambie kitu, unamjua.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,
Perisi

Mama, nilikuwa nimeshaweka jina langu, ndipo Loyi akanitumia picha. Umesimama shambani na wageni wawili, kofia ya kijani ya kampuni kichwani mwako. Mmoja wao ameshika jembe letu. Unacheka kweli kweli, sijakuona ukicheka hivyo tangu baba afariki. Nyuma yenu mashimo yamefukiwa kwa mistari mpaka kwenye kichuguu, pale pale unapopanda wako kila mwaka. Loyi ameandika chini yake: "Wageni wako wamefika, dada. Mama amefurahi mno."

Nimekupigia, hupatikani. Loyi naye ameshaondoka hapo, yuko mjini, anapanda basi kuja kwako kesho asubuhi na barua hii. Mama, chukua jembe. Fukua kila shimo walilofukia, mchana kweupe, watu waseme watakavyo. Waambie ni mimi niliyekutuma, laana iwe yangu.

Nimeangalia hali ya hewa ya huko. Mawingu yameanza kujikusanya. Mimi ni mtoto wa Ugogo, tangu nijue kusali nimekuwa nikiomba mvua. Leo nimepiga magoti ugenini, namwomba Mungu aicheleweshe.