Alama ya Mzinga kwenye Kola ya Jonah

S.L.P. 14,
Kyuso, kupitia Mwingi.
Tarehe 9 Novemba, 1987.

Ndinda, shati la Jonah limerudi nyumbani. Jonah mwenyewe hatarudi.

Mpendwa ndugu yangu, mwana wa mama, nisamehe nimekutupia jiwe kabla sijakupa kiti. Nilitaka kuanza na salamu kama mtu aliyelelewa vizuri, mkono ukakataa. Sasa nakusalimu. Hujambo? Baba watoto yuaendeleaje na kazi yake ya reli? Miguu yako ilikuwa inavimba, imetulia? Na hilo joto la Voi, mmelizoea ama bado mnatoa mikeka nje? Sisi tuko, Mungu anatushika. Mvua imenyesha, ndengu zimetoka, na mwaka huu shamba langu ndilo watu wanasimama kuangalia. Baba Jonah anakula nikimwambia kula.

Kama uko jikoni, epua sufuria kwanza. Kisha kaa.

Unakumbuka zile lebo zangu? Najua nilikuchosha nazo. Ule mwaka kabla ya njaa kila barua yangu ilikuwa lebo, lebo. Lakini ningenyamazaje? Ni binti ya nani mwingine hapa Kyuso aliyetoka politeknik ya kijiji, akafungua cherehani kwenye veranda ya sokoni, na kabla ya mwaka kuisha anashonea kwaya nzima ya kanisa? Ni Kalunde wangu tu. Mke wa chifu alikuwa akimwambia mshonaji wa Mwingi, "Hapana, mimi navaa ya Kalunde." Ndipo nikasema nguo nzuri hivi haiwezi kutembea bila alama, kama mbuzi wa kuokotwa.

Tukaenda Nairobi, mimi na yeye, kwa lile duka la lebo. Nilivaa kitambaa changu cha kanisa na nikapewa soda. Mwenye duka alifungua kitabu kikubwa chenye vipande vya mifano. Kulikuwa na za kufumwa na za kuchapishwa, za kola na za mfukoni, zingine laini kama ulimi wa ndama. Akatuonyesha simba. Akatuonyesha taji. Akasema watu wengi wanapenda simba. Nikamwambia simba amekula ng'ombe za babangu, sitamlipa tena.

Kalunde alitaka maneno: "Kalunde, Mshonaji, Kyuso." Mimi nikakataa. Nikachukua kalamu nikachora ile alama ambayo baba Jonah huchonga kwa kila mzinga wa nyuki, ile ya ukoo wao, upinde na mistari miwili chini yake. Nikamwambia Kalunde, maneno yanasomwa na waliosoma tu, lakini hii hata mchungaji wa mbuzi ataisoma. Mwenye duka akanisifu. Tukachagua rangi ya njano kama nta mpya, na alama nyeusi. Zilikuja na basi, utepe mmoja mrefu uliokunjwa kama nyoka aliyelala, ambao unajikatia mwenyewe na mkasi.

Sasa ya Jonah sikukuandikia wakati ule, maana ilikuwa ya kunichekesha mimi. Jioni utepe ulipofika sikuweza kungoja. Kalunde alikuwa amemshonea kaka yake shati la drili la buluu, mifuko miwili. Nikasema lebo ya kwanza kabisa itakuwa ya mwanangu, na itashonwa na mkono wangu. Kwa sindano kulikuwa na uzi mwekundu, nikashona na huo huo. Kumbe nimeiweka kichwa chini, upinde chini na mistari juu. Na wewe unajua, ukiipindua hiyo alama inakuwa ya watu wengine kabisa, ukoo ule wa upande wa Migwani.

Kalunde aliiona siku ya kufua. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwaitu, umetuhamisha ukoo! Baba akisikia atadai mahari yake!" Akaleta mkasi aifumue. Jonah akamnyang'anya shati. "Usiguse. Hizo zako ni za kuuza, hii ni ya mama." Kisha akanigeukia na yale meno yake. "Lakini Mwaitu, sasa umenipiga chapa kama fahali." Nikamjibu, "Fahali mwenye chapa akipotea, atarudishwa." Nilisema hivyo na mdomo huu, Ndinda.

Njaa ikaja, ile ya Nikw'a Ngwete, pesa ziko mkononi na chakula hakuna. Jonah akavaa shati lake akaenda na wenye lori ng'ambo ya Tana kutafuta mbuzi, maana alisema mbuzi wa huko ni bei rahisi na anataka kuoa mvua ikirudi. Yale mengine unayajua. Baba Jonah alifika Garissa, akauliza kwa polisi, akauliza hospitali, akarudi na viatu vimekwisha. Na mimi nikawa mtu wa kuwaambia watu, "Jonah wangu amepata kazi kubwa huko, ndio maana hajapata nafasi." Nilijivunia hata hiyo kazi ambayo siijui.

Jumanne iliyopita, siku ya soko, alikuja kijana wa Kisomali anaitwa Gabow, mfanyabiashara wa mbuzi. Hajawahi kushusha mbuzi Kyuso, yeye ni wa barabara ya Mwingi. Akapita mbele ya veranda ya Kalunde, akaona mashati yametundikwa, kola zimefunguka. Akasimama. Kalunde akamwambia, "Karibu, ya kwako itakuwa saizi kubwa, una mabega ya ngamia." Hakucheka. Akafungua mfuko wake akatoa shati la buluu limepauka, akaliweka juu ya cherehani, akasema, "Yenu inafanana na hii, lakini si hii."

Kalunde akalizungusha shati. Akaona uzi mwekundu.

Mimi nilikuwa kwa mwenye chumvi. Nilisikia sauti yake nikajua mtu amekufa, lakini sikujua ni wangu.

Gabow alituambia pole pole, kama mtu anayeshusha mzigo wa mayai. Wachungaji wa kwao walimkuta Jonah njiani, peke yake, homa imempanda, hana karatasi yoyote mfukoni. Wakampeleka kwa mama yake Gabow, anaitwa Ebla. Huyo mama alimlaza kivulini, akamlowesha midomo na maziwa. Jonah hakuweza kusema jina lake. Alisema neno moja tu, mara nyingi, mpaka akanyamaza. Alisema, "Mwaitu." Ndipo wakajua ni Mkamba. Ebla hajui Kikamba, lakini Gabow anasema hakuuliza maana yake. Alijua anaitwa mama, akamwitikia.

Walimzika kwa heshima yao, wakaweka mawe na boma la miiba. Na shati Ebla akalifua, akalikunja. Alimwambia Gabow, "Nguo isiyo na alama unampa asiye na nguo. Hii ina alama. Ina wenyewe. Watafute."

Na huyo kijana akatafuta, Ndinda. Si mtoto wetu, si dini yetu, na alitutafuta. Chapa za mifugo ndizo kazi yake. Akaonyesha kola hiyo kwa kila soko la mbuzi, na wazee wakaiangalia wakamwambia ukweli walioona: hii ni ya watu wa Migwani. Akaenda Migwani. Wale wazee wakahesabu vijana wao, wakawaona wako wote, wakampa uji, wakamwambia kuna tawi lao limehamia Kasikeu. Akaenda Kasikeu.

Hapo Kasikeu, na hii nakuambia wewe peke yako, alimwonyesha mzee mmoja mwenye duka la kamba na chumvi, mkono wa kushoto una kidole kilichokatika. Mzee akaliangalia shati, akatikisa kichwa akasema, "Huku kwetu wenye alama hii ni wachache, na hakuna aliyepotelewa." Ndinda, ni nani mwingine? Ni Kiema ndugu yetu. Alimshika mpwa wake mkononi akamrudisha kwa mgeni, kwa sababu dada yake alishona kichwa chini. Usimwambie. Nimemwomba Gabow pia, ameapa. Mzee wetu ana presha, na hakukosea. Alisoma nilichoandika.

Usiku naihesabu hiyo njia yake, Migwani, Kasikeu, sokoni hata sokoni, na sisi tuko hapa Kyuso tunaweka chakula chake kando. Kama ningemwachia Kalunde neno lake moja tu, "Kyuso," lingekuwa kwenye kola hiyo, na shati lingekuja moja kwa moja kama barua. Nililia hivyo mbele ya Gabow. Akaniambia, "Mama, bila alama yako mama yangu angempa mchunga mbuzi hilo shati, na leo ningekuwa napita tu. Alama haikukosea. Sisi ndio tuliishika vibaya." Amelelewa huyo kijana. Mwambie baba watoto kwamba nimesema hivyo.

Baba Jonah hakulia mbele yetu. Alichukua shati, akaweka kidole chake juu ya ile alama, akaizungusha, akaizungusha tena. Halafu akatoka. Kuna mzinga mmoja aliouchongea Jonah alipotahiriwa, na tangu apotee hakuruhusu mtu aurine, alisema mwenyewe atakuja. Alirudi giza limeingia, uso umevimba kwa nyuki, na ndoo imejaa. Akasema tu, "Hii ni ya wageni watakaokuja."

Mchungaji Nzomo amesema hatutachimba kaburi la shati, kaburi lake liko, na lina mawe. Tutafanya ibada hapa nyumbani, na baadaye baba Jonah ataondoka na Gabow akalione. Ebla pia anakuja. Gabow ameahidi kumleta. Nimemtafutia leso mbili na sijui nitamwambia nini. Wewe ulikuwa unaweza maneno kuliko mimi tangu zamani, utakaa karibu nami.

Shati halifumuliwi. Kalunde aliniuliza kama nataka lebo igeuzwe ikae sawa, nikamwambia aache mkasi. Hivyo ndivyo alivyolivaa, na hivyo ndivyo alivyotaka.

Lakini nimeagiza utepe mpya. Safari hii Kalunde alichagua na mimi nikanyamaza, na wewe unajua mimi kunyamaza ni kazi. Rangi ile ile ya nta, alama ile ile, na chini yake maneno: Kyuso, Kitui. Ni nzuri, Ndinda. Ni nzuri kuliko za Nairobi zote, hata leo siwezi kusema uongo. Naomba kila mmoja wetu aje na nguo yake moja anayopenda kuvaa safarini. Koti la baba watoto la reli, sweta za wanao, hata ile gauni yako ya zambarau ambayo imekubana. Nitashona kila moja na mkono wangu, uzi mwekundu, na Kalunde atasimama nyuma yangu kuangalia kichwa kiko juu. Kiema nitamshonea wa kwanza. Ebla pia, akikubali. Sitaki tena mtu wangu alale mahali na wenye kumzika wasijue pa kuturudishia.

Nisalimie baba watoto, nisalimie Muthama na mdogo wake, na yule mama jirani yako aliyenipa mbegu za mchicha, mwambie ziliota. Kalunde anakusalimu, anasema uje na vipimo vya mabinti. Mungu aliyemtuma mama mgeni amloweshe mwanangu midomo awaangalie na ninyi pia njiani, na asiwape kiu mbali na nyumbani.

Nimechagua Siku ya Jamhuri ili reli impe baba watoto ruhusa na shule ziwe zimefungwa. Msichelewe, nataka kuanza kushona asubuhi, macho yangu bado yanaona. Nawangoja nyote Jumamosi, tarehe 12 Desemba.

Dada yako anayekupenda na kukuhitaji,
Syokau, mama Jonah.